Askari wa Kauri

 

Wasomaji wetu wapenzi, baada ya sala ya Alasiri tulijiwa na dada yetu mmoja akiwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya leso kuukuu. Alipoifungua, tuliona sanamu ndogo ya kauri, urefu wake shibiri moja: askari wa Kizungu wa zamani, koti la buluu, suruali nyeupe, kofia ndefu na bunduki begani. Dada huyu na kaka zake wawili walifiwa na mama yao miezi michache iliyopita. Marehemu, Allah amrehemu, alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu tangu ujana wake, na walipoondoka nchini walimwachia askari huyu awe ukumbusho wa mtoto aliyemlea.

Kaka mkubwa asema sanamu itupwe baharini. Kaka mdogo ameonyeshwa kwenye simu sanamu zinazofanana nayo zikiuzwa kwa mamilioni, naye ataka iuzwe. Binti ataka kubaki nayo, kwa kuwa mama aliipenda. Wamefikia kutosalimiana. Hata hitima ya mama yao waliisoma katika nyumba mbili tofauti.

Kabla ya kutaja hukumu, tuliona ni vyema tuwaeleze habari ya kitu chenyewe, maana ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sisi watu wa pwani si wageni wa kauri. Vyombo vya Kichina vilipangwa katika zidaka za nyumba za Lamu, vigae vyake vimefukuliwa katika magofu ya Gedi, na kule Mambrui bakuli zake zilipachikwa katika nguzo ya kaburi. Lakini Ulaya, kwa karne nyingi, hawakujua siri ya kuvitengeneza. Walivinunua kwa bei kubwa, na Wataliano wakaviita kwa jina la kauri wa baharini, kama tulivyoviita sisi.

Katika nchi ya Saxony, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, alitawala Augustus aliyeitwa Mwenye Nguvu. Alimshika kijana aitwaye Johann Friedrich Böttger, aliyedai kuwa aweza kugeuza madini duni yakawa dhahabu, akamfungia ili amtengenezee mali. Dhahabu haikupatikana. Lakini kijana huyo, pamoja na mwanachuoni Tschirnhaus, waligundua mwaka 1708 namna ya kuchoma udongo mweupe wa kaolini katika moto mkali mno mpaka ukawa kauri. Mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa, na baadaye mwaka huohuo kikawekwa katika ngome ya mji wa Meissen. Böttger alifariki mwaka 1719, akiwa bado katika miaka ya thelathini.

Sanamu ndogondogo zilishamiri baadaye, hasa baada ya mchongaji Johann Joachim Kändler kuingia kiwandani mwaka 1731. Zilipangwa juu ya meza za karamu za wakubwa, mahali ambapo zamani ziliwekwa sanamu za sukari. Viwanda vingine vikaiga, na kadiri miaka ilivyopita askari wa kauri wakawa pambo la makabati ya watu wa kawaida. Alama ya Meissen ni panga mbili za buluu zilizopishana, nayo yatumika tangu miaka ya 1720. Lakini alama hiyo imeghushiwa mno. Hivyo anayetazama picha kwenye simu na kusema kuwa askari wake ni wa mamilioni, amehesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa.

Sasa lisikilizeni jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mwaka 1717, Augustus huyohuyo alitamani vyombo vya Kichina vilivyokuwa kwa Mfalme Friedrich Wilhelm wa Prussia. Mfalme yule hakujali vyombo, alipenda majeshi. Basi wakapatana: Augustus akatoa askari 600, akapokea vyombo 151. Gawanyeni wenyewe: takriban watu wanne kwa kila chombo kimoja. Kila mmoja wa watu wale alikuwa na mama aliyemzaa, na huenda alikuwa na mke na watoto. Mitungi mikubwa katika vyombo hivyo yatazamwa mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Dresden, nayo yaitwa kwa jina la askari wale. Mitungi ina mahali pake na walinzi wake. Wale watu 600, ni nani awajuaye majina?

Tulipofika hapo tukamuuliza dada yetu: "Na nyinyi, mwanangu, mmetoa watu wangapi kwa kichombo hiki kimoja?" Akainamisha kichwa.

Siku ya pili walikuja wote watatu. Tukawaeleza kwa ufupi. Kwanza, kila alichokiacha marehemu ni haki ya warithi wote, hata kiwe sindano. Hapana mmoja awezaye kukitupa, kukiuza wala kukificha bila ridhaa ya wenzake. Pili, sanamu ya kiumbe chenye roho, yenye umbo kamili, haifai kuwekwa nyumbani kuwa pambo, na jumhuri ya wanazuoni hawaruhusu kuiuza ikiwa katika hali hiyo. Wanasesere wa watoto wana hukumu yao, kwa yale yaliyothibiti kuhusu Bibi Aisha (r.a.), lakini huyu si mwanasesere. Tatu, imepokewa kwamba Jibril (a.s.) alielekeza sanamu ikatwe kichwa ili ibaki kama umbo la mti. Hapo pana njia ya kutoka bila ya ugomvi.

Kisha tukamuuliza binti: "Mama alikuwa akimweka wapi askari huyu?" Akasema: "Hakupata kumweka sebuleni, Sheikh. Alimfunga kwa leso hii, akamweka chini kabisa ya sanduku. Akifungua sanduku siku za Idi, alimtaja yule mtoto na kumwombea uongofu, kisha akafunga."

Tulinyamaza sote. Bibi yule hakusoma vitabu vikubwa, lakini alijua mpaka wa dini yake, na alijua pia kutunza wema wa watu. Kaka mkubwa aliyetaka kuitupa hakukumbuka kuwa mama hakuipamba. Kaka mdogo aliyetaka kuiuza hakukumbuka kuwa mama, hata katika miaka ya dhiki, hakuitafutia mnunuzi.

Wakaafikiana. Kichwa kikatengwa na kiwiliwili mbele yetu, na mamilioni ya kwenye simu yakaishia hapo. Binti hakuomba hata kigae kimoja, aliomba leso. Tukawakumbusha kaka zake kwamba leso nayo ni mirathi, na wao wana hisa ndani yake. Kaka mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkali zaidi, alitangulia kumsamehe dada yake hisa yake, na mkubwa akafuata. Waliondoka pamoja, na tukasikia kwamba Ijumaa ile walikwenda kumzuru mama yao kaburini, wote watatu.

Enyi mama na baba, semeni na watoto wenu kuhusu vitu vyenu mkiwa hai. Nanyi warithi, kabla ya kuuliza kitu ni cha bei gani, ulizeni kwanza mtakilipia kwa nani.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.