Sehemu moja ya MCAT, na paa la Mama

Mwezi huu sitaandika habari za presha wala sukari. Nitajibu swali ambalo wadogo zetu wanaosoma Marekani wameniuliza mara nyingi. Wa mwisho kuniuliza ni kijana mmoja wa Kigoma aliyeko Texas: "Dada, nimefanya MCAT. Sehemu tatu ziko vizuri, CARS nimepata 121. Niombe chuo cha udaktari mwaka huu au nisubiri?"

Nilimwambia nitamjibu hapa. Jibu langu lina aibu yangu ndani yake, na ni afadhali niiseme mara moja kuliko kuirudia kwa kila mtu kwenye simu.

Kwa wazazi wasioujua, MCAT ni mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari Marekani na baadhi ya vyuo vya Kanada. Una sehemu nne: kemia na fizikia, usomaji na uchambuzi wa hoja ambao wote huuita CARS, biolojia na biokemia, kisha saikolojia na sosholojia. Kila sehemu ina alama kuanzia 118 mpaka 132, kwa hiyo jumla ni kati ya 472 na 528, na katikati ni 500. Wanaopokelewa kwenye vyuo vya shahada ya MD wana wastani wa karibu 511 au 512. Siku yenyewe ni ndefu. Ukichanganya na mapumziko, unakaa pale kama saa saba na nusu.

Mimi nilisoma diploma ya uuguzi nyumbani, nikafanya kazi wodi ya wazazi, kisha nikaja Ohio na kusoma shahada ya uuguzi. Nikiwa na miaka 31 nikaanza masomo ya jioni ya kemia na fizikia, kwa sababu shahada ya uuguzi peke yake haikuwa na yote ambayo vyuo vya udaktari hudai. Mchana darasani, usiku wodini. Nikiwa na miaka 33 nikafanya mtihani.

Baada ya mwezi matokeo yakatoka: 127, 120, 127, 128. Jumla 502.

Ukimtajia mtu 502, atakwambia si mbaya. Ukifungua ndani unakuta shimo. Ile 120 ilikuwa CARS, alama mbili tu juu ya sakafu.

Mshauri wa wanafunzi aliniambia wazi nisiombe mwaka ule. Alisema baadhi ya vyuo huweka kiwango cha chini kwa kila sehemu, na fomu yangu ingeweza kuwekwa pembeni kabla mtu hajaisoma insha yangu. Nilimshukuru vizuri sana, nikarudi nyumbani, nikaomba.

Kwa nini? Kaka yangu alikuwa ameshanipachika jina la Daktari kwenye grupu la familia. Mama alikuwa ameshawaambia majirani zake wa Ngamiani, Tanga. Matokeo yalipoulizwa, niliandika, "Alhamdulillah, nimepata 502," nikaacha hapo. Pongezi zikamiminika. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli, lakini nilikuwa nimedanganya.

Niliomba vyuo 16. Kila chuo unachoongeza kwenye mfumo wa AMCAS kina ada yake, na fomu za pili wanazokutumia baadaye nazo zina ada. Nilikuwa na pesa niliyoweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba ya Mama, kwa sababu bati lilikuwa limeoza. Ile pesa yote ilikwenda kwenye ada. Mama nilimwambia kazini wamepunguza zamu, paa lisubiri kidogo. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu atafungua."

Kufikia Machi nilikuwa na barua 11 za kukataliwa na vyuo vitano vilivyonyamaza. Hakuna aliyeniita kwenye usaili. Niliviandikia vyuo kadhaa kuuliza nilipungukiwa wapi. Kimoja kilinijibu kwa upole kuwa kazi yangu ya wagonjwa waliipenda, lakini CARS yangu ilikuwa chini ya kiwango chao, hivyo hawakuweza kuendelea. Yaleyale aliyoniambia mshauri bure, miezi tisa nyuma.

Kwanza nilisingizia Kiingereza. Nikasema hii ni sehemu ya wenyewe waliozaliwa nayo. Lakini ile sehemu ya saikolojia na sosholojia nayo ni kurasa za Kiingereza, na nilipata 128. Basi lugha peke yake haikutosha kuwa sababu.

Nikachukua daftari. Nikarudia majaribio ya zamani, na kila swali nililokosa nikaandika kwa nini nilichagua jibu lile. Maswali 40 niliyokosa, 27 yalikuwa na kosa moja: nilichagua jibu ninaloliamini mimi, wakati mwandishi hakulisema. Nakumbuka habari moja ya mazoezi, mwandishi alitetea kwamba watoto wasimuliwe hadithi bila kuelezwa funzo lake. Mimi nimelelewa na hadithi zinazofungwa kwa funzo. Nikachagua jibu linalosema mwandishi anataka funzo. Maneno yake yalikuwa mbele ya macho yangu, nami nikamjibia.

CARS haikuulizi unajua nini. Habari zake ni za falsafa, sanaa, historia, mambo ya jamii, na kila unachohitaji kiko kwenye ukurasa. Kwa mtu aliyezoea kuona dalili mbili na kukimbilia ugonjwa, ni mtego.

Aprili ile, wakati wa masika, nilimpigia Mama. Akaniambia siku hizi halali vizuri, usiku anaamka mara tatu, mara nne. Sikumwacha aendelee. Nikamwambia hiyo ni sukari, kesho asubuhi aende kupima kabla hajala kitu, asinywe chai, amwambie kaka ampeleke. Nikamhesabia na vyakula vya kuacha. Akanyamaza, halafu akasema taratibu:

"Mwanangu, hujaniacha nikamaliza. Naamka kumwaga ndoo. Paa linavuja."

Sikulala mchana ule, na usiku nilikuwa na zamu. Kesho yake nilimpigia nikamweleza yote: pesa ilikwenda wapi, zamu hazikupunguzwa, na ile 502 ina nini ndani yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akauliza, "Kumbe mia na ishirini ni ndogo?" Tukacheka, mimi huku nalia. Akasema paa lilimkuta na litamwacha, ila nisimfiche tena. Na kaka nilimwambia aache kuniita Daktari mpaka nitakapomruhusu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi muuguzi huwaambia wagonjwa hivyo kila wiki.

Nilijipa miezi minane. CARS ina habari tisa, maswali 53, dakika 90. Ni kama dakika kumi kwa kila habari na maswali yake. Kila siku kabla ya zamu nilisoma habari mbili. Baada ya kila aya niliandika mstari mmoja kwa Kiswahili, ukianza na maneno "Mwandishi anasema". Kwa Kiswahili, kwa sababu huwezi kuhamisha wazo ambalo hujalielewa. Ukilielewa nusu, kalamu inasimama. Wiki za mwanzo kalamu yangu ilisimama sana. Wodini wagonjwa nao walianza kufaidika, maana niliacha kuwamalizia sentensi zao.

Januari nikarudia mtihani: 127, 124, 127, 128. Jumla 506. Si alama ya kutembea nayo kifua mbele, lakini lile shimo lilikuwa limefukiwa. Safari hii nilianza na mabati ya Mama, ndipo nikalipa ada. Niliomba vyuo tisa tu, nilivyokuwa nimevichunguza kimoja kimoja, vikiwemo vya shahada ya DO. Viwili vikaniita kwenye usaili. Kimoja kimenikataa. Cha pili kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri, na hapo ndipo nilipo leo ninapoandika, nikiwa na miaka 36. Simu ikilia namba nisiyoijua, moyo unaruka. Mara nyingi ni watu wa bima.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu wa Texas, na wengine mlio kama yeye.

Usiridhike na jumla. Fungua uone kila sehemu. AAMC wana daftari la vyuo linaloitwa MSAR, la kulipia, linaloonyesha alama za waliopokelewa katika kila chuo, sehemu kwa sehemu. Linganisha zako kabla hujatoa hata dola moja. Chuo kisichosema kiwango chake cha chini, kiulize. Sehemu iliyo nyuma kidogo ya wenzake na sehemu iliyo shimoni si kitu kimoja. Kwa 121, mimi ningesubiri.

Usirudie mtihani kabla hujajua ulikosea nini. Nafasi zina idadi: tatu kwa mwaka, nne katika miaka miwili mfululizo, saba katika maisha yako yote. Hata ukiufuta mtihani siku ileile, umeshahesabiwa. Na vyuo huona alama zako zote, si zile nzuri tu.

Usidhani sehemu zilizo juu zitaifunika iliyo chini. Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, kwa mfano, katika MCAT huangalia CARS peke yake. Kwao ukipata 132 kwenye biolojia ni sawa na hukuifanya.

Mlio na viza ya mwanafunzi, ulizeni kwanza kama chuo kinapokea wageni. Vingi havipokei, na baadhi ya vinavyopokea hutaka uonyeshe ada ya miaka kadhaa kwa mkupuo. Mimi nina kadi ya ukaazi wa kudumu, na bado haikuwa rahisi. Mliosoma diploma nyumbani, jueni kwamba alama za vyuo vilivyo nje ya Marekani na Kanada haziingii katika wastani wa AMCAS. Itajeni na muifafanue kwenye insha, ila msiitegemee kupandisha namba.

Na wazazi, nawaomba jambo moja. Mtoto akiwaambia amefanya mtihani, msimpe cheo kabla hajakipata. Hamfanyi kwa ubaya, ni furaha. Lakini kile cheo kinakuwa mzigo, na mtu mwenye mzigo huanza kuficha.

Kusubiri kuna gharama, sikatai. Miaka inakwenda, na nyumbani wanauliza. Ila kama ningemsikiliza yule mshauri, ningefanya huu mtihani wa pili mwaka mmoja mapema, na mvua ya masika isingemkuta Mama na ndoo.

Nikipata jibu la kile chuo, liwe ndiyo au hapana, nitawaandikia hapahapa. Mwezi ujao turudi kwenye presha, maana Ramadhani ikikaribia maswali ya dawa na futari huwa mengi.

Mama anawasalimu. Anasema siku hizi analala mpaka alfajiri.