Kabla ya Jino Kung'olewa, Ugonjwa Usemwe

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tunaijua sote. Tunaiandika kwenye insha ili tupate alama, kisha tukitoka darasani tunaendelea kuyaficha maradhi yetu kama kawaida. Leo nataka tuitazame kwa upande wa jino.

Mwaka jana, muhula wa pili, mwenzetu mmoja wa bweni aliumwa na gego. Jina lake silitaji, maana ameniruhusu kueleza kisa na si jina. Usiku alilia chini ya blanketi, nasi tukamcheka. Tukamwambia mwanamume mzima halizwi na jino. Jumamosi akaomba ruhusa, akapanda matatu hadi mjini, akaingia mahali panapong'olewa meno. Akadungwa sindano ya ganzi, jino likang'oka, akalipa, akarudi kabla ya githeri ya jioni. Huko alikokwenda hakuulizwa swali hata moja juu ya afya yake, naye hakusema neno.

Kumbe tangu shule ya msingi kijana huyu alikuwa akidungwa sindano kila mwezi kwa sababu ya moyo! Sisi tuliolala naye chumba kimoja hatukujua. Likizo ilikuwa ikimwokoa, na muhula ukiwa mrefu alisingizia kwamba anaenda kumwona mjomba.

Wiki mbili baadaye homa ikamshika. Tukadhani ni malaria. Akapewa dawa za malaria, homa ikakataa kutoka. Alipofikishwa Eldoret ndipo daktari aliyekuwa makini akamwuliza, "Umeng'olewa jino hivi karibuni?" Vijidudu vya kinywani vilikuwa vimeingia kwenye damu na kukaa juu ya vali ya moyo iliyokuwa tayari imeharibika. Alilazwa wiki sita akitiwa dawa mshipani. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai, lakini leo amerudia kidato huku sisi tukisonga mbele.

Labda utauliza, moyo na jino vinahusiana wapi? Mtoto akiumwa na koo kwa vijidudu fulani na asitibiwe, mwili unaopigana na vijidudu hivyo huweza kuugeukia moyo na kuziharibu vali zake. Mtu wa namna hii, jino linapong'olewa na damu kutoka, yumo hatarini kuliko wewe na mimi. Ndiyo maana madaktari humpa mgonjwa mwenye hatari kubwa ya namna hiyo dawa ya kuua vijidudu, kama vile amoksilini, ameze muda wa saa moja hivi kabla ya kung'olewa. Dawa yenyewe si ghali. Lakini nani atakupa dawa ya ugonjwa usioutaja?

Tena si moyo peke yake. Mwenye kisukari kidonda chake hukawia kupona, na fizi zikiugua sukari yake nayo huwa ngumu kudhibitiwa. Akienda kung'olewa jino bila kula, na huku amejidunga insulini, anaweza kuzirai kitini. Mwenye hemofilia damu yake haigandi upesi, hivyo pengo la jino moja linaweza kuvuja kwa siku kadhaa. Mwenye selimundu, ugonjwa unaojulikana sana huku kwetu magharibi, usaha wa jino unaweza kumletea yale maumivu makali ya mifupa. Na kuna dawa za kifafa zinazofanya fizi zivimbe na kufunika meno. Wote hawa wanaweza kutibiwa meno vizuri kabisa, mradi tu anayewatibu ajue mapema.

Wazee wetu hapa Saboti, Wabukusu na Wasabaot, walikuwa na desturi ya kung'oa meno ya mbele ya chini. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mtu akishikwa na pepopunda na taya zikafungana, apitishiwe uji kwenye lile pengo. Siwaombi turudie desturi hiyo, hasha! Ninachosema ni kwamba mzee ambaye hakuwahi kuona darasa alijua kinywa na mwili haviachani. Je, sisi wasomi wa leo tunavitenganisha kwa nini?

Wapo watakaosema kuuliza ni kazi ya daktari. Kweli, na asiyeuliza ana kosa. Maswali manne tu yanatosha kuanzia: una ugonjwa gani, unatumia dawa gani, ukikatika damu hukawia kukoma, na kuna dawa inayokudhuru? Hayo hayamalizi hata dakika mbili. Lakini kuna wengine wanaosema ukweli na kufukuzwa. Nyanya yangu alipotaja sukari, aliambiwa, "Rudi ukipona." Jamani, kisukari ni cha kuishi nacho! Alirudi nyumbani na jino lake, akakaa nalo miezi mitatu akila uji. Mtu akifukuzwa hivyo mara moja, mara ya pili atanyamaza. Anayeona kazi imemzidi aandike barua, ampeleke mgonjwa kwenye hospitali kubwa ya Kitale au Eldoret, asimwache njiani.

Kwa hivyo natoa maoni yangu. Kwanza, shule yetu iwe na karatasi ya afya ya kila mwanafunzi, ikae kwa matroni chini ya kufuli, na anayepewa ruhusa ya kwenda kung'olewa jino abebe barua yenye maelezo hayo. Pili, kila mwenye ugonjwa wa kudumu awe na kadi mfukoni, na aende kwa daktari wa meno kabla jino halijauma. Tatu, na hili ni letu sote, tuache kucheka. Rafiki yangu hakumficha daktari kwa sababu ya ujinga. Alizoea kuficha kwa sababu yetu. Alijua siku tutakapogundua tutambandika jina "Moyo Mbovu" mpaka Kidato cha Nne.

Mwalimu, mzazi, mwanafunzi mwenzangu, jino huumiza siku tatu, lakini kimya kinaweza kuua. Ukikaa kwenye kile kiti, kabla hujafungua kinywa ili uonyeshe jino, kifungue kwanza useme ugonjwa wako.

Natua kalamu. Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.