Tulihesabu Joto Kabla ya Sauti

Rai yangu ni moja, nami naisema bila kuzunguka: yeyote anayejiundia amplifaya kwa mikono yake hana budi kulihesabu joto kabla hajaihesabu sauti, na fedha zake za kwanza yafaa ziende katika aluminiamu ya kupozea, ndipo zitakazobaki zinunue transista. Desturi iliyoenea miongoni mwa vijana wetu hodari, wale wanaokusanya vifaa kimojakimoja katika maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, Nairobi, ni kinyume cha hayo. Huanza na transfoma nzito na transista kubwa, wakailehemu saketi kwa ustadi wa kupendeza, kisha, fedha zikiwa zimekwisha na siku ya harusi watakayoipigia muziki imekaribia, hutafuta kipande chochote cha bati kilichosalia wakakifanya hitisinki. Saa ya kwanza chombo hucheza vizuri. Baadaye sauti huanza kukwaruza. Na mwisho fyuzi hukatika, ama, kwa taksiri iliyo kubwa zaidi, transista hushikana ndani na umeme wote wa pawasaplai ukamiminika katika spika na kuziunguza koili zake.

Asili ya joto hilo ni bayana. Amplifaya ya daraja AB, ambayo ndiyo aghalabu huundwa na mafundi wetu, huchota nguvu kutoka pawasaplai, ikapeleka sehemu katika spika, na sehemu iliyosalia ikageuka joto ndani ya transista za mwisho. Wengi hudhani kwamba joto hukithiri sauti inapofika kikomo, ilhali hesabu inashuhudia vingine: transista huteseka zaidi pale amplifaya inapotoa takriban asilimia 40 ya uwezo wake, yaani katika ile sauti ya wastani ambayo mpigaji huiacha ikiendelea usiku kucha, akiamini kwamba amekihurumia chombo. Tuchukue mfano wa kawaida, amplifaya yenye volti 35 za chanya na 35 za hasi, ikiendesha spika moja ya omu 8: joto lake kubwa kabisa ni kiasi cha wati 31, nazo transista mbili za mwisho huligawana sawa kwa sawa.

Joto hilo lina safari ya kupita, kutoka kiini cha silikoni hadi mwili wa transista, kisha kuvuka karatasi ya mika inayozuia umeme, kuingia katika hitisinki, na hatimaye kutawanyika hewani. Na kila kituo hulizuia kwa kadiri yake, kama mifereji iliyoungana, ambayo ule mwembamba kuliko yote ndio uamuao maji yatakayopita. Kwa transista kama TIP35C, kizuizi cha ndani ni nyuzi 1 kwa kila wati, na mika iliyopakwa pesti ya kupitishia joto huongeza yapata nusu nyuzi. Kwa hiyo wati 15.5 zikipita hapo, kiini huwa na nyuzi 23 zaidi ya hitisinki. Tukitaka kiini kisizidi nyuzi 100 za Selsiasi, ili tuwe na akiba chini ya kikomo cha 150 alichokiweka mtengenezaji, basi hitisinki haipasi kupita nyuzi 77. Penye hewa ya nyuzi 25, hitisinki yenye kizuizi cha nyuzi 1.7 kwa wati ingetosha. Lakini Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chini ya paa la mabati, hewa ndani ya kasha la amplifaya hufika nyuzi 40 kwa wepesi, na hapo yatakiwa hitisinki ya nyuzi 1.2, iliyo kubwa zaidi kwa kiasi kisichofichika. Anayenakili mchoro ulioandikiwa watu wa Ulaya hunakili pamoja nao hewa ya Ulaya, ambayo hatunayo.

Msiba huzidi spika mbili za omu 8 zinapounganishwa sambamba, kama ifanyikavyo kila mara wenye shughuli wanapotaka sauti ifike barabarani. Amplifaya sasa inabeba omu 4, joto linafika wati 62, na kiini kinaizidi hitisinki kwa nyuzi 46. Hitisinki itakiwayo hapo ni ya nyuzi 0.2 kwa wati, pande zito mno ambalo bila ya feni ni vigumu kulipata. Lakini hesabu hiyohiyo iliyotuonya ndiyo ituoneshayo njia: ikiongezwa jozi ya pili ya transista, mzigo wa kila moja hurudi wati 15.5, na hitisinki ya nyuzi 0.6 ikatosha.

Hesabu nayo yahitaji mkono wenye hadhari. Tundu la skrubu likitobolewa kwa keekee, pembeni mwake hubaki ukingo mkali wa aluminiamu usioonekana upesi, nao huinua transista isikae barabara, au huichana mika na kuleta shoti. Fundi mwangalifu huusugua kwa msasa hadi kidole kisihisi kitu, hupaka pesti kwa wembamba, kwa kuwa pesti nene nayo huzuia joto, kisha hupima kwa mita kuhakikisha kwamba transista haigusani na hitisinki. Na ile transista ndogo inayosimamia mkondo wa utulivu, yaani ule unaopita katika transista kubwa hata pasipo muziki, sharti ifungwe juu ya hitisinki hiyohiyo. Maana volti ya kuzifungua transista kubwa hupungua kwa milivolti 2 hivi kwa kila uzi mmoja wa joto, na asiyeifunga hapo atapata joto linalozaa mkondo, na mkondo unaozaa joto, mpaka chombo kiteketee hata pasipo muziki unaopigwa.

Nitaambiwa kwamba aluminiamu ni ghali. Ni kweli, lakini hitisinki hudumu, ikahama kutoka chombo hiki hadi kingine, na zile za inveta zilizokufa hupatikana kwa wauza vyuma chakavu. Nitaambiwa pia kwamba amplifaya za kisasa za daraja D hutoa joto dogo. Naam, ni dogo, nalo huhesabiwa kwa kanuni ileile. Na tukirudi daraja AB, hata chipu kama TDA7294, inayojinyamazisha kiini chake kikifika nyuzi 145 hivi, humwokoa fundi na hasara bila ya kumwokoa bwana harusi na ukimya.

Hesabu yote niliyoieleza ni ya kutoa, kuzidisha na kugawanya, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Nawasihi walimu wa vyuo vya ufundi waifundishe siku ileile wanayofundisha kulehemu. Mnunuzi naye ana wajibu wake: asiridhike na wati zilizoandikwa usoni pa chombo, bali amwulize fundi kilijaribiwa kwa saa ngapi, kwa spika za omu ngapi, na katika hewa ya nyuzi ngapi, na asiyepata jawabu la maswali hayo matatu, na aziweke fedha zake.