Dereva na Rufani Yake



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu, niwaambie makarani wenzangu neno moja juu ya madereva, ambao twafanya kazi nao kila siku, na ambao pengine twawadhuru huku tukidhani twawasaidia.

Sisi tukaao upande wa Nyambureti, katika wilaya ya Serengeti, twajua thamani ya dereva. Mama akishikwa na uchungu usiku, mtu wa kwanza kuamshwa ni mwenye gari. Dawa, barua na mbegu hufika kwa mkono wake. Kwa hiyo leseni yake si karatasi tu, bali ndiyo jembe lake. Ikifungiwa, ni nyumba nzima iliyofungiwa chakula.

Sisemi kwamba leseni zisifungiwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaipa mahakama uwezo wa kumzuia aliyetiwa hatiani asiendeshe kwa muda, na jambo hilo ni haki. Mtu aendeshaye amelewa, au akimbizaye gari kama kwamba barabara ni yake peke yake, asishike usukani. Nisemalo mimi ni hili: mtu asipoteze leseni kwa haraka ya ulimi wake, wala kwa haraka ya wakubwa wake.

Dereva wa ofisi moja aligongana na pikipiki kwenye kona wakati wa mvua. Hakufa mtu. Yeye alituambia tangu siku ile kwamba pikipiki ndiyo iliyohamia upande wake. Aliposhitakiwa, sisi tulimshauri hivi: "Bwana, kubali yaishe. Utalipa faini, jioni utarudi kazini, maana gari lasubiri." Akatusikiliza. Aliposomewa shitaka akajibu, "Ni kweli." Aliposomewa maelezo ya mkasa akajibu tena, "Ni kweli." Akatozwa faini, na leseni yake ikafungiwa mwaka mmoja. Jioni alikuja kwangu, karatasi mkononi, akasema, "Bwana Karani, niandikie rufani, ueleze habari ya ile pikipiki." Nilikaa kimya. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliomwambia akubali.

Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katiba yetu, ibara ya 13, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yasema kwamba aliyekiri kosa hana rufani ila juu ya kiasi cha adhabu na uhalali wake. Yule ndugu angeweza kulalamika kwamba adhabu ni kubwa mno. Habari ya pikipiki hakuweza kuifufua.

Walakini si kila "ndiyo" ni kukiri. Mwaka 1942 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisema kwamba yafaa kila sehemu ya shitaka ielezwe kwa mshitakiwa, naye aikubali au aikatae moja moja. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, mahakama hiyo ilifafanua utaratibu wenyewe: shitaka lisomwe katika lugha aijuayo, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, maelezo ya mkasa yasomwe, naye aulizwe kama ayakubali au ana la kuongeza. Akiongeza neno liondoalo kosa, basi iandikwe kwamba amekana. Kwa hiyo dereva asemaye, "Ni kweli tuligongana, lakini yeye ndiye aliyehamia upande wangu," huyo hajakiri kosa. Na ayaseme maneno hayo waziwazi, asiyameze kwa hofu ya suti na kalamu.

Aliyekosa na akiri. Kukiri kwa kweli ni uungwana, na mahakama huweza kukuhesabu katika kupunguza adhabu. Kibaya ni kukiri kosa ambalo mtu hakulitenda, ili ofisi ipate gari lake kabla ya jua kuchwa.

Akiisha kuhukumiwa na mahakama ya wilaya, naye haridhiki, siku zake zahesabiwa. Katika siku 10 atoe taarifa kwamba anakusudia kukata rufani. Katika siku 45 alete sababu zake za rufani. Ila muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi humo. Basi nakala iombwe mapema, kwa barua, na nakala ya barua hiyo itunzwe. Aliyechelewa huweza kuomba aruhusiwe, lakini lazima awe na sababu ya kutosha. "Sikujua" ni fimbo dhaifu ya kuegemea.

Zamani rufani za Mara zilikwenda Mahakama Kuu Mwanza. Siku hizi Mahakama Kuu iko Musoma, na safari imepungua. Tena tangu mwaka 1942 hata leo kumepita mengi, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Aliyehukumiwa na aisome hukumu yake, au asomewe.

Jambo moja lisisahauliwe. Kukata rufani si ruhusa ya kuendesha. Amri yasimama mpaka mahakama yenyewe iisimamishe au iifute. Huweza kuombwa isimamishwe wakati rufani ikingoja, lakini akishika usukani kabla ya hapo, ameongeza kosa juu ya kosa.

Ndugu zangu makarani, sisi si mawakili, wala tusijifanye mawakili. Lakini kalamu twaijua, na siku 10 twaweza kuzihesabu. Dereva wa ofisi akishitakiwa, tumwulize kwanza, "Ilikuwaje?" Tumsikilize mpaka mwisho. Kisha tumwambie aende akaseme hayo hayo mbele ya hakimu, na gari lisubiri.

Mimi,
Karani wa Nyambureti