Kabla ya Kufomati, Muulize Fundi Kosa ni Lipi

Wanangu, hii leo baadhi ya mafundi hawataipenda. Kompyuta ya nyumbani ikizimika na ile skrini ya buluu mara tatu kwa wiki, jibu ni lile lile toka Likoni hadi Kisauni: "Hiyo ina virusi, ilete tuifomati." Unalipa, unarudi na Windows mpya, picha na asainmenti zishakwenda. Wiki mbili hazijaisha, buluu hiyo hapo tena.

Mimi nasema kufomati bila kutafuta chanzo ni kubahatisha, tena kwa pesa yako.

Ile skrini si ugonjwa. Ni Windows imejizima yenyewe isije ikaharibu data zaidi, na pale chini huacha jina la kosa. Kwenye Windows 11 za karibuni rangi imekuwa nyeusi, lakini jina bado lipo. Lipige picha na simu. Ukiona MEMORY_MANAGEMENT, anza kushuku RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi ni chuma: joto, umeme, prosesa. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi ni draiva. Sasa niambie, RAM mbovu itaponaje kwa kufomati diski?

Na hii ya kusingizia virusi kila saa tuiache. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta kama milioni 8.5 duniani ziliingia buluu, mpaka ndege zikakwama. Haikuwa virusi. Ilikuwa sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya kulinda kompyuta. Dawa yake? Kuwasha kwa Safe Mode na kufuta faili moja. Faili moja tu!

Halafu tukumbuke tunaishi wapi. Pwani hewa ni ya chumvi na unyevu, pini za RAM hushika uchafu. Vumbi hujaza feni, joto lapanda. Stima nayo hupotea na kurudi kwa kishindo. Na mashini nyingi tunazonunua ni ex-UK, zishafanya kazi ofisi za watu miaka kabla hazijatufikia.

Kwa hivyo, nakili kazi zako kwenye flashi kwanza. Zima, chomoa waya na betri, toa RAM, safisha pini taratibu kwa raba, rudisha. Pangusa feni. Andika mdsched kwenye menyu ya Start, Windows itapima RAM yenyewe. Kama shida ilianza baada ya kuweka draiva mpya, rudisha ile ya zamani.

Sisemi kufomati ni haramu. Mafaili ya Windows yakiharibika kabisa, fomati. Lakini iwe ya mwisho. Na ukienda kwa fundi, muulize: "Kosa ni lipi, na umejuaje?" Fundi wa kweli atakuonyesha. Akianza kukasirika, beba mashini yako, twende zetu.