Pikapu Kuukuu na Usukani wa Nguvu

Shuleni kwetu kuna pikapu ya Toyota Land Cruiser iliyoundwa mwaka 1976. Imebeba mahindi, saruji, madawati na wagonjwa wa usiku wa manane, wala haijapata kulala njiani. Hadi miaka michache iliyopita usukani wake haukuwa na msaada wowote isipokuwa mabega ya dereva. Kisha asubuhi moja, katika njia ya mtoni, gurudumu la mbele lilikumba jiwe, usukani ukajizungusha kwa kishindo, na kidole gumba cha dereva wetu kikavunjika. Mzee huyo alikuwa ameliendesha gari hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na alijua vema, kama wajuavyo madereva wote wa magari ya namna hiyo, kwamba gumba halipitishwi ndani ya duara la usukani. Siku hiyo alisahau.

Jioni yake chumba cha walimu kiligeuka bunge. Mwenzetu afundishaye historia alisema gari liachwe kama lilivyo, kwa kuwa kitu cha kale kikibadilishwa hakiwi cha kale tena. Walimu vijana walitaka tununue mota ya umeme ya usukani kutoka kwenye Toyota Vitz iliyopata ajali, ifichwe chini ya dashibodi, gari libaki na sura yake na mzee apate nafuu. Mimi nilikuwa na rai ya tatu, na ndiyo ninayoitetea hapa: gari litiwe usukani wa nguvu, lakini uwe ule wa zama zake, unaofanya kazi kwa pampu na mafuta. Sababu yangu haitokani na mapenzi ya vitu vya kale. Inatokana na swali ambalo kila mwanafunzi wa fizikia angepaswa kuliuliza mbele ya mtambo wowote: nguvu ya ziada inaingilia wapi?

Tuanze na uzito wenyewe wa usukani. Gari likiwa limesimama, tairi linalopindwa halibiringiki; linasugua ardhi. Uzito wote wa ekseli ya mbele unakandamiza mpira juu ya kokoto, na dereva hana budi kuushinda msuguano huo kwa mikono yake. Gari likianza kutembea, hata polepole, kazi hupungua sana, na ndiyo maana madereva wa zamani walifundishwa wasizungushe usukani wa gari lililosimama.

Waundaji wa zama hizo walikuwa na silaha moja tu dhidi ya msuguano huo, nayo ni wenzo. Walitia usukani mpana, na mwisho wa mhimili wake wakaweka boksi lenye parafujo, ambalo mafundi wetu huliita stelingi boksi. Tuchukue mfano. Tuseme usukani huzunguka mara 4 kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, na katika mizunguko hiyo magurudumu hupinda jumla ya digrii 60. Mikono imekwenda digrii 1,440, kwa hiyo uwiano mwendo ni 24. Mwanafunzi mwerevu atasema: basi uwiano huo tuufanye 48, nayo kani itapungua nusu. Kwenye karatasi, tukiusahau msuguano ulio ndani ya boksi, ni kweli. Lakini barabarani dereva atahitaji mizunguko 8, na ng'ombe aliyekatiza njia hamsubiri mtu amalize kuzungusha. Wenzo haumpi mtu nishati hata chembe. Humkopesha kani na kumdai mwendo.

Usukani wa nguvu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa huleta nishati mpya kutoka kwenye injini. Ukanda unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma pistoni iliyo ndani ya boksi la usukani. Hapa kanuni ya Pascal, ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuionja, hupata mwili. Chukua pistoni yenye kipenyo cha sentimeta 4. Eneo lake ni takriban sentimeta mraba 12.6. Kanieneo ya mafuta ikifika nyutoni 700 kwa kila sentimeta mraba moja, pistoni itasukuma kwa kani ya nyutoni 8,800 hivi. Hiyo ni karibu na uzito wa mifuko 18 ya saruji ya kilo 50, nayo imetoka katika kitu unachoweza kukishika mkononi.

Je, mafuta yanajuaje upande wa kusukuma? Hilo kwangu ndilo jambo zuri kuliko yote. Kati ya mhimili wa usukani na parafujo kuna ufito mwembamba wa chuma cha springi. Dereva akizungusha usukani na magurudumu yakagoma, ufito huo husokotwa kidogo, digrii chache tu. Msokoto huo hufungua vali, mafuta yakaingia upande mmoja wa pistoni, magurudumu yakapinda. Yakishapinda kadiri mkono ulivyotaka, msokoto hutoweka, vali hurudi katikati, nayo mafuta hurudi kwenye kopo lake bila kufanya kazi. Mtambo hupima daima tofauti kati ya kile dereva alichoagiza na kile magurudumu yalichotenda, kisha huifuta tofauti hiyo. Hakuna waya wala kompyuta. Na ukanda ukikatika, mhimili wa chuma bado umeungana na magurudumu. Usukani utakuwa mzito, pengine mzito kuliko ule wa kale, lakini gari litapinda.

Sasa nimjibu mwalimu wa historia. Usukani wa nguvu si mgeni katika karne ya magari haya. Mhandisi Mmarekani Francis Davis, aliyefanya kazi katika idara ya malori ya kampuni ya Pierce-Arrow, alikuwa amekwisha kuujaribu mtambo wake wa mafuta katika miaka ya 1920. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler iliuza gari lake la Imperial likiwa na usukani wa namna hiyo. Nao waundaji wa Land Cruiser, mwishoni mwa miaka ya 1970, walianza kuutoa katika jamii hii hii ya 40 ambayo pikapu yetu ni mmoja wao. Kwa hiyo, kuongeza boksi na pampu vya jamii hiyo ni kulipa gari kile ambacho ndugu zake wadogo walizaliwa nacho. Tena kazi yote inaweza kurudishwa nyuma: boksi la kale halikatwi wala kutobolewa, linafunguliwa tu.

Walimu vijana walikuwa na hoja nzito zaidi, na sitaki kuidharau. Mota ya umeme ni safi, haivuji, haichoshi injini wakati usukani haugeuzwi, na siku hizi imo katika magari madogo mengi yanayopita mbele ya shule yetu. Lakini angalieni mahali inapokaa. Katika magari hayo madogo mota imefungwa juu, kwenye mhimili wa usukani. Ukiifunga hivyo katika gari kuukuu, nguvu yake yote haina budi kupita katika mhimili wa kale, parafujo ya kale na rola ya kale, vitu vilivyokadiriwa kwa mikono ya binadamu na ambavyo vimekwisha kulika kwa karibu miaka 50. Mikono ya dereva ilikuwa ndiyo fyuzi ya mtambo ule. Gurudumu likibanwa na jiwe, dereva alichoka kabla parafujo haijaumia. Mota haichoki. Kikomo chake kimewekwa na waundaji wa gari jingine, jepesi, lenye meno yaliyopimwa kwa ajili yake.

Katika boksi la mafuta nguvu huingilia chini ya parafujo, moja kwa moja kwenye pistoni, na boksi lenyewe limeundwa kuibeba. Fyuzi pia imo: pampu ina vali ndogo inayofunguka kanieneo ikizidi kipimo. Kuna hata njia ya tatu, iliyotumiwa kwa miaka mingi huko Marekani katika magari kama Ford Mustang ya 1965 na Chevrolet Corvette ya 1963, ambapo silinda ya mafuta husukuma vyuma vinavyounganisha magurudumu, na boksi la kale huachwa likiongoza tu. Kwa kulilinda boksi la kale hiyo ni bora kuliko zote, ila ina mabomba na viungo vingi vinavyoning'inia karibu na ardhi. Kwa njia zetu za mawe nisingeichagua.

Nisieleweke vibaya, hata hivyo, kwamba kila usukani mzito unahitaji pampu. Kabla ya kununua chochote tuliliinua gari mbele na kuzungusha magurudumu hewani. Bado yalikuwa mazito! Msuguano wa ardhi haukuwapo, basi uzito ule ulitoka wapi? Beringi za vifundo vya ekseli zilikuwa zimekauka na kupata kutu. Tairi nazo zilikuwa pana kuliko za kiwandani, tena na upepo haba. Kusafisha, kutia grisi na kujaza upepo kulipunguza karibu nusu ya malalamiko ya mzee kwa gharama ndogo sana. Aidha, viungo vya tairodi vilivyolegea lazima vibadilishwe kwanza, kwa kuwa usukani mwepesi huficha ulegevu. Mkono uliozoea kuhisi ubovu hauhisi tena.

Niseme pia kosa letu wenyewe. Karakana ya kwanza tuliyoipa kazi ilifunga boksi jipya kwa bolti ndefu zilizopita katika boriti ya chesisi, zikakazwa barabara. Boriti hiyo ni tupu ndani kama bomba la pembe nne. Bolti ikikazwa, kuta zake hubonyea, na zikibonyea bolti hulegea. Boksi huanza kucheza, na kila kona hulicheza zaidi. Mwezi wa pili msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa akiosha gari kwa zamu ya usafi, aliona mstari mwembamba kama unywele ukitokea kwenye tundu la bolti. Alidhani ni uchafu, akausugua, haukutoka. Ulikuwa ufa. Siku tatu baadaye gari hilo lilikuwa liwapeleke wanafunzi mlimani kwenye mafunzo ya jiografia.

Fundi wa pili alifanya kile ambacho cha kwanza kilikosa. Aliuchomelea ufa, akaweka bamba la chuma juu yake, kisha ndani ya boriti akatia vipande vya bomba nene vilivyolingana kabisa na upana wa nafasi ile, bolti zikapita ndani yake. Sasa zikikazwa, ni bomba linalobanwa, si kuta. Kazi ya mchana mmoja. Ninawasihi walimu wenzangu wenye magari ya shule wakague mahali hapo kwa macho yao wenyewe, wala wasiridhike kwa kuambiwa kwamba usukani umekuwa laini.

Boksi la kale sasa limo katika maabara, limefungwa mezani, na usukani chakavu juu yake. Wanafunzi huhesabu mizunguko, hupima pembe na kukokotoa uwiano mwendo wenyewe. Kabla ya ukarabati tulifunga mizani ya springi ya nyutoni 100 kwenye ukingo wa usukani wa gari lililosimama, na mshale ulifika mwisho bila usukani kusogea. Zoezi hilo hurudiwa sasa kila mwaka, injini ikiwa imezimwa na kisha ikiwa inanguruma, na hakuna darasa ambalo halijabishana kuhusu nishati imetoka wapi.

Mwalimu wa historia alikubali kwa sharti moja, nami nalikiri kuwa ni sharti la kisayansi. Katika sanduku dogo la dashibodi kuna kadi iliyoandikwa kwa mkono wake: kilichoondolewa, kilichowekwa, tarehe, ukubwa wa bolti, mahali palipochomelewa, na mahali boksi la kale lilipohifadhiwa. Mzee dereva huionyesha kadi hiyo kwa kila fundi anayefungua boneti. Naye bado huendesha akiwa ameweka gumba lake nje ya duara.