SEHEMU YA 3: MTOTO WA MAPAJANI NAYE NI ABIRIA

Leo sitaongea taratibu.

Kila ninapotaja boti na watoto nasikia maneno mawili. La kwanza: "Boti hatari, si usipande tu." La pili: "Sie watu wa visiwani, bahari tumezaliwa nayo. Majaketi ni ya watalii." Yote mawili nayakataa.

Nianze na la kwanza. Mama wa Tumbatu akipewa rufaa ya Kivunge, apite wapi kama si majini? Wanafunzi, wauza samaki, bibi anayefuata dawa za presha, wote wanashuka Mkokotoni kwa boti. Kule Pemba, watu wa Kojani na Fundo ni hivyo hivyo. Boti kwetu ndiyo daladala. Ukimwambia mama asipande, umemwambia akae nyumbani na uchungu wake.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Bahari haiulizi mtu kazaliwa wapi. Septemba 10, 2011 Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Wengi waliokuwemo ni watu wa visiwa hivi hivi, wengine wanarudi makwao baada ya sikukuu. Meli ya abiria mia sita na kidogo, tume ya uchunguzi ikaja kusema ilibeba zaidi ya 2,000. Haujapita hata mwaka, Julai 18, 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Na hata kama wewe unaogelea kama samaki, mwanao wa miezi minane anaogelea?

Msiniambie "ni qadar". Chanjo mnaleta, chandarua mnatega, na imani yenu iko pale pale. Kwa nini kwenye boti tu ndio tukae mikono mitupu?

Sasa sikilizeni. Mtoto wa kupakatwa mara nyingi hakatiwi tiketi. Asiyekatiwa tiketi ni rahisi asiandikwe. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hawekewi jaketi la saizi yake. Linapotokea la kutokea, hata anayemtafuta hajui kama alikuwemo. Hilo si jambo la Mungu, ni daftari la gatini!

Kwa hiyo kabla chombo hakijaondoka:

👉 Taja mtoto wako aandikwe, hata kama hajatimiza mwezi.

👉 Omba jaketi okozi la uzito wake. La mtu mzima litamtoka kichwani akiingia majini. Mvalishe, funga mikanda, halafu mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, halimfai.

👉 Usimfunge mgongoni kwa kanga. Mkianguka majini, yeye uso utakuwa chini na wewe huwezi kumfungua. Mpakate mbele.

👉 Majaketi yaliyofungwa kamba juu ya paa hayamwokoi mtu. Yashushwe kabla ya safari.

👉 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, kliniki ya kawaida isubiri kesho. Dalili za hatari hazisubiri: piga simu kituoni mapema upangiwe usafiri.

Najua mtasema, "Nahodha atanifokea." Atamfokea mmoja. Kina mama sita wakisimama gatini na watoto wao, wakasema hatupandi mpaka majaketi ya watoto yaje, atamfokea nani? Nauli ni zetu. Na wenye vyombo wakiona tunauliza kila siku, watanunua. Wakiona tumenyamaza, kwa nini wanunue?

Na nyie akina baba, msituachie peke yetu. Nyie ndio mnakaa na mabaharia baraza moja jioni.

Sehemu ya 4 inshallah: mtoto akitolewa majini hapumui, ufanye nini dakika ya kwanza. Na tafadhali, kumning'iniza miguu juu SI matibabu.

Mtumie mama mwenzio anayevuka kesho.